Mizinga ya Marehemu Ndolo

Siku Nthenya alipopanda mti, akiwa mjane na bibi wa wajukuu, kijiji kizima kilipata la kusema. Ati mwanamke mzima, mshirika wa kanisa, amejifunga leso kiunoni na kuparamia mgunga wenye miiba huku akivuta mzinga wa nyuki kwa kamba! Kwa Wakamba, mizinga ni kazi ya wanaume. Mwanamke hula asali na kunyamaza. Lakini Nthenya hakuwa mtu wa kunyamaza, hata asali ikiwa mdomoni.

Tena hakupanda kwa sababu ya asali, msidanganyike. Alipanda kwa sababu ya pawa.

Pawa ni ule msumeno wa petroli unaolia mpaka meno ya msikilizaji yanauma. Uliletwa na Kiema, shemeji yake Nthenya, mdogo wa marehemu mumewe Ndolo. Kiema alikuwa amekaa Kiboko miaka mingi akipakia malori kwenye barabara ya Mombasa, na aliporudi nyumbani, huku kusini mwa Kitui, akakuta ukame umemmalizia ng'ombe. Mtu hawezi kukaa kutwa akitazama mifupa. Akatembea hadi kwenye lile shamba la familia kando ya Mto Tiva, lililoachwa kitambo, akaitazama miti yake mikubwa, akasema imesimama pale bure. Afadhali iwe makaa.

Bure! Neno hilo lilimkwama Nthenya kooni. Na ili ujue ni kwa nini, lazima kwanza nikueleze shamba lenyewe.

Hapo ndipo Nthenya alipoletwa akiwa bibi harusi. Yeye na Ndolo walifyeka kichaka kwa panga na shoka mpaka viganja vikawa vigumu kama nyayo. Wakajenga, wakazungushia boma vigingi vilivyokatwa porini, wakalima, wakazaa. Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikataa kabisa, na uliofuata ukakataa pia, na kile kidogo kilichobaki shambani ndovu wakakimaliza. Familia ikahamia juu, karibu na soko. Nthenya alilia njia nzima. Aliamini wameiacha ardhi ife, na kwa miaka mingi hakutaka hata kusikia ikitajwa.

Baada ya kumzika Ndolo, mbuzi wa Nthenya walipotea akawafuata mpaka huko. Nakwambia, alipofika alisahau mbuzi.

Boma lilikuwa msitu. Vile vigingi alivyodhani vilikufa siku ile vilipokatwa vilikuwa vimeshika mizizi, vikatoa matawi, vikawa miti ya kumpita mtu, mstari mzima bado umezunguka nyumba isiyo na paa. Na jikoni kwake, palepale penye mafiga, alisimama tandala dume. Ubavuni alikuwa na mistari myeupe iliyonyooka kama iliyochorwa kwa unga, pembe zimejisokota kwenda juu, masikio makubwa yanageuka polepole. Alimtazama Nthenya kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi. Kisha akaruka ukuta uliobomoka, bila kishindo, akaenda zake.

Nthenya alishuka hadi mtoni. Tiva ni mto wa mchanga, maji yake hujificha chini ya miguu yako karibu mwaka mzima. Hapo ndovu walikuwa wanachimba. Mama mmoja mkubwa alikuwa anapiga mchanga kwa mguu, anauzoa kwa mkonga, anauweka kando, hana haraka, mpaka shimo likatoa maji. Wakanywa, wakaondoka kwa njia yao iliyokanyagwa chini ya migunga. Wakaja ngiri na watoto wao mikia juu, wakaja nyani, wakaja kanga wengi wenye kelele, na yule tandala akaja nyuma ya wote, akanyoosha shingo, akanywa maji yaliyochimbwa na wengine.

Nthenya aliketi juu ya jiwe akalia mara ya pili kwa ajili ya shamba lile. Mwanzo ulikuwa uchungu. Kumbe ardhi haikuwalilia hata siku moja! Kumbe ilikuwa inangoja watoke tu. Halafu, sijui ilitoka wapi, ikaja furaha. Mumewe amekufa, naye atakufa, wajukuu wataenda Nairobi na kusahau njia, na bado kutakuwa na tandala jikoni. Hakuna mahubiri ya mazishi yaliyowahi kumfariji namna hiyo.

Sasa wewe nenda umwambie mtu kama huyo kwamba miti imesimama bure.

"Shemeji, mvua imekataa," Kiema alimwambia siku alipokwenda kumkabili. "Unataka nile nini? Hao wanyama wako? Mungu mwenyewe alisema tuwatawale."

"Hebu kasome tena," Nthenya akamjibu. "Wanyama waliumbwa kwanza, na Mungu akawatazama akaridhika kabla mimi na wewe hatujakuwepo. Hakungoja tufike ndipo aseme pazuri."

"Siku hizi umekuwa pasta?"

"La. Ila nikiwa kanisani mimi silali, kama wengine."

Kiema alicheka, maana si mtu mbaya, lakini hakubadili nia. Shamba lilikuwa la baba yao, na tangu Ndolo afe sauti ya Kiema ndiyo iliyosikika katika ukoo. Nthenya angeweza kumpeleka kortini. Lakini kesi huchukua miaka, na pawa huchukua asubuhi moja.

Basi akakumbuka sheria isiyohitaji wakili. Kwa Wakamba mti wenye mzinga haukatwi. Mzinga ukitundikwa, na una alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma cha moto, mti huo una mwenyewe, awe hai au awe kaburini. Ukiuangusha umewatukana wazee wako na hakuna atakayetaka kula nawe. Na Ndolo alikuwa ameacha mizinga yake chini ya ghala, magogo mazuri ya mti wa mukau yaliyochongwa kwa mkono wake, kila gogo na alama ya baba yake. Ambayo ni alama ya Kiema vilevile.

Ndiyo maana wakubwa kwa wadogo wote wakashangaa kuona leso juu ya mti. Nthenya alitundika mizinga kwenye migunga mikubwa ya ukingo wa mto, mmoja baada ya mwingine, mpaka ghala likabaki tupu. Miiba ikamchana mikono, akaanguka mara moja akachechemea kama kuku aliyefungwa kamba, akapanda tena. Kiema alipokuja na pawa yake begani alisimama chini ya mti wa kwanza, akainua macho, akaiona alama ya baba yake. Akaenda wa pili. Akaenda wa tatu. Akakuna kichwa.

"Umenipata, shemeji," akasema, akarudi nyumbani.

Nthenya alijiona mshindi. Akili ni nywele, aliwaambia wanawake wenzake kanisani, kila mtu ana zake. Mvua kidogo ya vuli ikanyesha, migunga ikachanua, nyuki wakaja wakaingia kwenye mizinga bila kuitwa. Kila asubuhi aliwasikia wakivuma ukingo mzima, akafurahi. Laiti angejua!

Kiangazi kikarudi. Kwanza akaja Kanini, jirani yake wa upande wa chini, mwanamke mpole ambaye ukimwona anapiga kelele ujue mambo yameharibika. Alikuwa anapiga kelele.

"Nthenya, ndovu wamemaliza mtama wangu! Miaka yote hawajawahi kupita kwangu. Njia yao ni kule kwenu mtoni. Ni nini kimewaleta huku?"

Nthenya akashuka mtoni kutazama. Kwenye njia ile ya zamani nyayo za ndovu zilikuja pana na tulivu, kila unyayo kama sinia, mpaka karibu na migunga ya kwanza. Hapo zikakanyagana ovyo, zikageuka, zikaelekea kwa Kanini. Mtoni hapakuwa na shimo hata moja. Mchanga ulikuwa laini, mkavu, umetulia. Hakuna ngiri, hakuna kanga. Kwenye jiko lake la zamani mavi ya tandala yalikuwa yamekauka kitambo.

Na chini ya mti wenye mzinga alikuta kibanda cha turubai, sufuria, na Kiema ameketi na kijana wake wa kazi, Mulwa, wananoa mnyororo wa pawa. Nyuma yao, mbali kidogo na ukingo, miti isiyo na mizinga ilikuwa imelala chini, imekatwa vipande. Walikuwa wamekwisha kuipanga na kuanza kuifukia kwa nyasi na udongo iwe tanuru.

"Karibu, shemeji!" Kiema akasema kwa moyo mweupe kabisa. "Usiniangalie hivyo. Yenye mizinga sijaigusa, na sitaigusa. Tena asante sana. Unajua tanuru la makaa halitaki uliache hata kidogo. Unalala nalo, unaamka nalo, likitoboka unaziba. Mimi hapa nilikuwa nimeogopa ndovu. Nani alale kwenye njia yao? Lakini nyuki wako wamewafukuza wote. Sasa nalala hapa kama niko kwangu."

Lo! Ndovu mzima, mwenye nguvu za kung'oa mti, huogopa nyuki, maana wakimwingia ndani ya mkonga hana pa kukimbilia. Jambo hilo kila mtu wa huko analijua. Nthenya pia alilijua, ila alikuwa amelishikilia lile la mizinga na miti akasahau la mizinga na ndovu. Ametundika walinzi wake palepale kwenye mlango wa walinzi wa kweli. Amewafungia ndovu njia, amewanyima ngiri na tandala maji, amemwangamiza Kanini, na amemtandikia Kiema kitanda. Kwa mikono yake mwenyewe, iliyochanwa na miiba!

Mtu mwingine angekaa hapo aomboleze. Nthenya alikasirika, na hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe, ambayo ndiyo hasira yenye faida. Alipanda kutoka mtoni hadi kwa Kanini bila kupumzika.

"Kanini, leta kamba na mti wa kubebea," akasema. "Mizinga inashuka. Tutaitundika kuzunguka shamba lako, ndovu wasirudi kukumaliza."

"Na migunga ya mtoni? Si Kiema ataikata?"

"Huenda."

"Halafu?"

"Halafu nitakuwa nimekosea mara mbili. Lete kamba."

Waliishusha kila jioni jua likizama, wakati nyuki wametulia, wakiziba mdomo wa kila mzinga kwa nyasi. Wanawake wawili, mti begani, mzinga unaning'inia katikati unanguruma, na aliyeng'atwa anaruhusiwa kulia lakini haruhusiwi kuachilia. Kanini alilia sana. Hakuachilia.

Kiema aliwatazama wakibeba wa mwisho, asiamini.

"Shemeji, unajua unachofanya? Hii migunga ndiyo makaa yenyewe. Mimi nilikuwa nimeheshimu alama ya mzee. Ukiiondoa, hakuna kinachonizuia."

"Najua."

"Usije ukanilaumu kwa ukoo."

"Sitakulaumu. Lakini nakuomba usilale hapa, Kiema. Hao watarudi."

"Wamekwisha hama," Kiema akasema. "Wanyama ni kama watu. Wakikosa mahali wanasahau."

Nthenya akataka kumwambia kwamba ni watu tu wanaosahau, lakini alikuwa amevimba mdomo kwa kung'atwa na nyuki, akaacha.

Basi akaanza kungoja, na hilo lilikuwa gumu kuliko kupanda miti. Kila siku alishuka akaketi juu ya mwamba ulioinuka kando ya mto. Kila siku mchanga ulikuwa mtupu. Tanuru likawashwa, likafuka moshi wake mwembamba wa buluu, Mulwa akilizunguka na sepetu kuziba matundu. Sokoni watu walimcheka. Wengine walisema ameanza kuchanganyikiwa, ametoa mizinga ili ndovu wapite, kama anafungua geti la boma. Nthenya aliwasikia, akanunua chumvi yake, akarudi kwenye mwamba. Moyoni aliogopa sana. Usiku aliota migunga imelala yote. Lakini kuogopa hakukumzuia kuamka.

Siku Kiema alipoamua kuanza na mgunga mkubwa kuliko yote, ule wenye kivuli cha kutosha kanisa, Nthenya alikuwa hapo. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Kiema alipanda mwambani kumwomba asogee mbali mti usije ukaangukia upande huo, na Mulwa chini akavuta kamba ya pawa. Ikakohoa. Akavuta tena.

Ndovu walitokea kwenye kona ya mto bila sauti yoyote. Hapo ndipo mtu hushangaa, kwamba kitu kikubwa hivyo kinatembea kama kimevaa soksi. Mbele alikuwa yule mama mkubwa, rangi nyekundu ya udongo mwili mzima, nyuma yake wengine wakubwa kwa wadogo, na mtoto mmoja aliyekuwa hajajua bado afanye nini na mkonga wake. Walipofika kwenye migunga ya kwanza mama akasimama. Akainua mkonga. Akanusa hewa, akatandaza masikio, na Nthenya akashika mkono wa Kiema akaubana mpaka kucha zikaingia. Hakukuwa na mvumo wa nyuki. Mama akashusha mkonga, akaingia.

Mulwa hakungoja kusimuliwa. Alitupa pawa akavuka mto kwa mbio ambazo pale kwenye mchanga mzito hujawahi kuziona. Ndovu hawakumfuata, hawakuwa na haja naye. Wakapita kando ya pawa iliyolala kama wanavyopita jiwe, wakashuka mtoni, na mama akaanza kupiga mchanga kwa mguu. Polepole, vilevile kama alivyopiga siku ile ya kwanza. Kwenye ngozi yake jua lilikuwa linamulika kila mkunjo. Mtoto akaingiza kichwa chote shimoni kabla ya wakati, akavutwa nje kwa mkia, na Nthenya akajikuta anacheka kwa machozi.

"Tanuru," Kiema akanong'ona.

Upande mmoja udongo ulikuwa umetumbukia. Tundu dogo tu, la kuziba kwa sepetu moja. Lakini kati ya sepetu na tundu walisimama ndovu. Kiema alinyanyuka, akaona dume moja limegeuza uso kumtazama, akaketi. Moto ukapata hewa. Tundu likapanuka, miale ikatoka, na kazi ya wiki nyingi ikaanza kuwa majivu mbele ya macho yake. Ndovu wakasogea mbali na moshi, wakaendelea kunywa.

"Sitaweza kuchoma hapa," Kiema akasema baadaye. "Si leo, si kesho. Nani atakaa kulinda?" Akafunika uso. "Nitakula nini, shemeji?"

Nthenya alimwonea huruma kweli, kwa maana njaa ya Kiema haikuwa ya kubuni. "Kanini anataka mtu wa kumchongea mizinga ya kumalizia boma lake," akasema, "na wengine huku chini watataka. Wewe mkono wako ni uleule wa baba yako. Asali itakuja. Si nyingi, lakini itakuja."

Wakati huohuo lile dume lilipanda ukingo, likaweka kipaji cha uso kwenye ule mgunga mkubwa, mgunga wa Nthenya, ule wa kwanza kuparamia. Likasukuma. Likapumzika. Likasukuma tena, na mizizi ikakatika kwa sauti ya bunduki. Mti wote ukalala chini kwa kishindo kilichotimua vumbi mpaka mwambani.

Nthenya alipiga kelele kama aliyefiwa. Ndio mti uliomchana mikono!

"Ona sasa!" Kiema akafoka, nusu kilio nusu kicheko. "Ona rafiki yako! Si ni heri ningeuchoma mimi? Mti ni uleule umeanguka!"

Nthenya alitamani kushuka alitukane lile dume mbele ya jamaa zake. Alitazama mizizi iliyoelekea juu, akatazama ndovu wakikusanyika kuchuma maganda ya mbegu na kuchuna gome, mtoto akijaribu tawi na kulidondosha.

Ndovu waliposhiba waliondoka kwa njia yao. Vumbi likatua. Ndipo kutoka kichakani akatokea digidigi, mnyama wa kufika gotini, miguu kama vijiti, macho yamejaa uso mzima. Akasimama. Akapiga hatua. Akaingia katikati ya matawi yaliyolala, akafika kwenye majani ya kilele, yale yaliyokuwa juu ya kila mtu tangu mti ule uwe mti, majani ambayo hakuna digidigi aliyewahi kuyaonja. Akaanza kula.

"Wewe ungeondoka na mti wote," Nthenya akasema.

Kiema alimtazama yule mnyama. Akatazama tanuru lililokuwa likimalizika kuungua. Kisha akashuka kutoka mwambani taratibu, akazunguka mbali ili asimshtue, akaenda kuchukua pawa yake.